Zilizopendwa kwenye Redio ya AM: Yasemwayo Barazani na Ukweli Wake

Hapa Lamu husemwa barazani kwamba bahari huyameza mawimbi ya redio, na kwamba ndiyo sababu kituo kidogo cha AM kinachopiga zilizopendwa hakifai mji wa kisiwani. Ukweli ni kinyume kabisa. Mawimbi ya kati, ndiyo yatumiwayo na vituo vya AM, ambayo huku kwetu Afrika yapo baina ya kilohezi 531 na 1602, hutambaa juu ya uso wa nchi, na kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, mawimbi hayo hudhoofika kidogo sana yanapovuka bahari kuliko yanapopita kwenye mchanga mkavu. Ndiyo maana mlingoti uliosimikwa karibu na ufuo hufika mbali kwa nguvu ndogo, jambo ambalo kwangu ni neema kubwa kwa watu wa mwambao.

Wengine hudhani kwamba kituo cha mbali kinachosikika usiku pekee huongeza nguvu ya mitambo giza likiingia. Sivyo. Mchana, tabaka la chini la ionosfea, yaani hewa ya juu sana yenye chembe za umeme, huyanyonya mawimbi haya. Jua likitua tabaka hilo hutoweka, nayo mawimbi hurudishwa ardhini na matabaka ya juu, mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. Marekani, vituo vingi vidogo hulazimika kupunguza nguvu magharibi inapoingia ili visiingiliane na vingine.

Kosa ninaloliona kila siku ni la mkono: mtu akisikia mkwaruzo huvuta eriali hadi mwisho. Eriali ile haiisaidii AM, ambayo hupokewa na kijiti cha feraiti (kitu cheusi chenye sifa za sumaku) kilichozungushiwa waya ndani ya redio. Kwa hiyo igeuzwe redio yenyewe, taratibu, mpaka sauti itulie. Tena mkwaruzo mwingi hutoka humo humo nyumbani, kwenye chaja za simu na taa za LED, wala kituo hakina lawama.

Husemwa pia kwamba sauti ya AM huziharibu nyimbo za kale. Ni kweli kwamba nafasi ya kilohezi 9 baina ya kituo na kituo huizuia sauti kali ya juu, lakini gitaa na sauti ya mwimbaji wa miaka ya 1950, aliyerekodiwa kwa maikrofoni moja, hazipotezi mengi humo.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba wimbo wa zamani hauna mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Kenya humlinda mtunzi wa muziki kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Fundi Konde, mwana wa Pwani, alifariki mwaka 2000; kwa hiyo nyimbo alizozitunga zitaendelea kulindwa hadi mwisho wa mwaka 2050, na kituo kinachozirusha, hata kikiwa kidogo namna gani, kinawajibika kuzilipia.