Trei za mayai hazizuii kelele

Kila muhula ukianza, wanafunzi wa hosteli wananiuliza lilelile: "Fundi, nimeshakusanya trei za mayai, nizibandikeje nisisikie sabufa ya jirani?" Usizibandike! Trei ni karatasi nyepesi, na sauti huzuiwa na uzito. Itapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba za humohumo chumbani, basi. Besi ya jirani itapita kama kawaida. Tena karatasi kavu inashika moto upesi, na nimeona watu wameibandika hadi juu ya soketi wanapochomeka jiko la umeme. Hilo linanitia hofu kuliko kelele zenyewe.

Anza na mlango. Usiku zima taa yako, ya koridoni iwake, halafu utazame: mwanga unapopenya ndipo na sauti inapopita. Mlango wa mita 2 wenye uwazi wa sentimita 2 chini umepoteza asilimia 1 tu ya eneo lake, lakini hiyo inatosha usipunguze kelele zaidi ya desibeli 20 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hata uwe wa mninga. Ukuta wa tofali uliopigwa lipu pande zote unapunguza 40 na zaidi. Sasa kwa nini unahangaika na ukuta? Pigilia kipande cha mpira chini ya mlango, kiwe kinaburuza sakafu.

Ukimaliza, hamisha vitu. Kabati lihamie ukuta wa jirani, likiwa limejaa nguo na vitabu. Tupu halina msaada. Kama ukuta ni wa mbao au jipsamu, utaona tofauti. Kitanda kiende upande wa pili, na mto usiuweke konani, maana besi hujikusanya kwenye kona. Hili nawasisitizia wote, na ndilo wanalolipuuza.

"Pazia zito litazuia magari." Kwa dirisha la luva zisizofunga sawasawa? Haliwezi. Litapunguza mwangwi tu.

"Nikitandika kapeti sitasikia vishindo vya juu." Kapeti lako linamsaidia wa chini yako. Kishindo kinazuiliwa kule kinakoanzia, kwa hiyo panda juu, ongea na mwenzako kwa upole, na umpelekee vipande vya ndala kuukuu avivishe kwenye miguu ya kiti na kitanda.