Lango la Perugia halikujengwa na Augusto

Ukifika Perugia, mji wa mlimani katikati ya Italia, utaoneshwa lango kubwa la mawe na kuambiwa ni Tao la Augusto. Juu ya tao kweli pamechongwa AVGVSTA PERVSIA, Kilatini cha "Perugia ya Augusto", kwa hiyo wageni wengi huondoka wakiamini kuwa mfalme huyo wa Roma ndiye aliyelijenga.

Sivyo. Lango ni la Waetruski, watu waliotawala eneo hilo kabla ya Warumi, na lilijengwa katika karne ya 3 KK. Augusto, wakati huo akiitwa bado Oktaviano, alikuja kama adui: aliuzingira mji kwa njaa, na mwaka 40 KK ulipojisalimisha ukateketea kwa moto. Lango likabaki. Baadaye mji ulipoinuliwa upya, ulipewa jina la Augusto, na maandishi yakachongwa kwenye mawe ya wenyeji walioshindwa. Jeuri ya mshindi hiyo!

Simama chini, upande wa uwanja wa nje, utazame minara miwili. Mawe yake makubwa yamepangwa bila chokaa kati yake. Kibaraza chenye nguzo juu ya mnara wa kushoto ni cha karne ya 16, na chemchemi iliyo chini yake ni ya karne ya 17, visikuchanganye. Tiketi haihitajiki, maana chini ya tao hupita barabara ya kawaida, Via Ulisse Rocchi, inayopanda hadi kanisa kuu. Mpando wake ni mkali, vaa viatu vizuri.