Injini ya Scout Haisukumi Gurudumu Hata Moja

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Bukavu, mteja wangu wa siku nyingi hapa Denver, alisimama mlangoni mwa karakana akaniambia kwa huruma: "Fundi, hilo gari la Scout unalolingojea ni haibridi tu, la petroli na umeme, na kainjini kenyewe ka silinda nne hakatalivuta mlimani." Nilimjibu, "Hapana, mzee wangu, injini hiyo haivuti kitu," lakini niliona usoni mwake kwamba hakuridhika. Maneno hayohayo nimeshayasikia mara nyingi mno, na kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni umeme wa magari, siwezi tena kuyaacha yapite.

Kwa ufupi, kwa ambaye hajafuatilia: Scout lilikuwa gari la International Harvester, ambalo uundaji wake ulikoma mwaka 1980. Jina hilo sasa liko chini ya Volkswagen, na tarehe 24 Oktoba 2024 Scout Motors ilionyesha magari mawili yatakayoundwa Blythewood, South Carolina: SUV inayoitwa Traveler, na pikapu inayoitwa Terra. Bodi imekaa juu ya chasi, ekseli ya nyuma ni ya kipande kimoja, difu, zinazogawa nguvu kati ya magurudumu, zina loki mbele na nyuma, na matairi yanafika inchi 35. Toleo la umeme mtupu lilitangazwa kwa lengo la maili 350, yaani kilomita 560 hivi. Toleo la pili, liitwalo Harvester, lenye jenereta ya petroli iliyofungwa nyuma ya ekseli ya nyuma, lilitangazwa kwa zaidi ya maili 500, yaani kilomita 800, na walio wengi kati ya walioweka oda wamelichagua hilo.

Katika haibridi kama Jeep Wrangler 4xe, injini imeungana na giaboksi, na propela shafti hupeleka nguvu yake kwenye magurudumu, huku mota ya umeme ikisaidia. Katika Harvester hakuna shafti yoyote kati ya injini na gurudumu. Injini huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, umeme hupita kwenye nyaya kwenda kwenye betri na mota, na mota ndizo zinazosukuma. Ukiing'oa injini hiyo ukaiweka juu ya benchi, gari litaendelea kutembea mpaka chaji iishe.

Kinachowatatiza watu ni tofauti kati ya nguvu ya kitambo na nguvu ya wastani, na hapa naomba subira yao. Niliwahi kuwa na BMW i3 yenye jenereta ndogo ya petroli, chaji ikiwa chini na injini ikinguruma nyuma. Kijana ninayefanya naye kazi alishika usukani, nami nikasoma namba kwenye kifaa cha uchunguzi. Taa ilipowaka kijani akakanyaga: mota ikavuta kilowati 90, ilhali jenereta ilikuwa ikitoa 15 tu. Zile 75 zilizobaki zilitoka kwenye betri, kwa muda wa sekunde nne au tano. Tulipotulia kwenye mwendo wa mtaani, mota ikashuka hadi kilowati 7, jenereta ikabaki palepale kwenye 15, na ile ziada ikaanza kurudi kwenye betri. Hiyo ndiyo kazi yote ya mtambo huu. Betri hubeba mikikimikiki, jenereta hubeba wastani. Ndiyo maana kwenye mawe gari hili litafaa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mota hutoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, yake yote kuanzia mzunguko sifuri, na jenereta haina haja ya kujua kama gurudumu linapanda jiwe au limesimama.

Hata hivyo, namtendea haki mzee wangu: hofu yake ina nusu ya ukweli. Wastani nao unaweza kuzidi uwezo wa jenereta. Hiyo i3 ilikuwa na jenereta ya kilowati 25 hivi, na Marekani injini yake haikuruhusiwa kuwaka mpaka betri ikaribie kuisha, kwa sababu ya masharti ya California kuhusu magari ya aina hiyo, ilhali Ulaya dereva aliweza kuiwasha mapema akatunza chaji. Matokeo yake wenye magari hayo hapa walijikuta mwendo unaanguka katikati ya barabara kuu yenye mlima mrefu, na malalamiko yao yakafika mahakamani. Linganisha na pikapu ya Ram iliyotangazwa mwaka 2023 kwa jina la Ramcharger: betri ya kilowati-saa 92, yaani akiba ya umeme, na jenereta ya kilowati 130, yaani kasi ya kuutoa umeme. Mitambo hiyo miwili huitwa kwa jina moja, jenereta ya kurefusha safari, lakini mlimani haifanani hata kidogo.

Tuchukue barabara ninayoijua, I-70 kutoka Denver hadi handaki la Eisenhower. Unaanza mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, unafika mita 3,400. Gari pamoja na trela lenye mzigo, tuseme tani 5 kwa jumla, linahitaji kama kilowati-saa 25 kwa ajili ya kupanda tu, bado hujahesabu upepo na msuguano wa matairi. Penye mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, kupanda peke yake kunakula zaidi ya kilowati 70, na upepo na matairi yanaweza kuongeza 50 nyingine. Ukiwa na nusu ya betri hutahisi chochote. Ukiwa umeimaliza kabla ya kufika mlimani, umebaki na kile jenereta inachotoa sasa hivi, basi. Kwa hiyo wanaponitajia kilomita 800, huwa nawakumbusha kwamba hiyo ni habari ya tenki na betri, wala si habari ya nguvu.

Nami nina shaka yangu. Injini ya Harvester ni ya silinda nne isiyo na turbo, yaani feni ya kusukuma hewa ndani ya injini, na kwenye mita 3,400 hewa ni pungufu kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo injini ya namna hiyo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kama hicho, mahali hasa ambapo jenereta inahitajika zaidi. Programu inayotunza akiba ya betri kabla ya mlima inaweza kuliponya hilo, na naamini wahandisi wamelipigia hesabu, lakini siwezi kumwapia mteja. Uzito wa injini nyuma ya ekseli nao unanisumbua kwa wanaovuta trela, maana trela huelemea palepale.

Wanaodai kwamba jenereta inawaondolea haja ya kuchomeka gari nyumbani wafanye hesabu wenyewe: lita moja ya petroli hutoa umeme wa kilowati-saa 3 hivi ikipita kwenye injini na jenereta, kwa hiyo kujaza kilowati-saa 60 ni lita 20. Na wanaodai kwamba hawataigusa petroli kabisa wajue nayo huchakaa tenkini; Chevrolet Volt ililazimika kuiwasha injini yake yenyewe mara kwa mara, ili isikae bila kuzunguka na mafuta yasizeeke.

Scout ya kwanza ya Harvester itakayoingia karakanani kwangu nitaifungia trela lenye mzigo, niipeleke Idaho Springs, mji ulio kwenye I-70 hiyohiyo kabla ya handaki, ikiwa na robo ya chaji, kisha nipande nayo hadi handakini huku nikisoma kilowati za jenereta mita kwa mita. Nimeshamwomba mzee wangu akae kiti cha mbele.