Maneno ya Chumba cha Mzazi: Yanayosemwa Dar es Salaam na Yaliyo Kweli

Mama aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida hukaa hospitalini kwa takriban saa 24, kisha huruhusiwa kurudi nyumbani, na mara nyingi hukuta chumba chake kina watu kabla yeye mwenyewe hajaketi. Mama yake amefika kutoka mkoani kwa basi, wifi yuko uani anachemsha maji, na jirani wa mlango wa pili ameleta chupa ya uji wa pilipili manga. Msaada huu una thamani kubwa, na mwanamke anayelea kichanga katika mji huu bila ndugu wa kumpokea anaijua taabu ya kuukosa. Pamoja na msaada, hata hivyo, huja maneno, na ukiyasikiliza kwa makini utaona kwamba mengi yana mwelekeo mmoja: mtoto akilia, akiwa wa manjano au akichelewa kunenepa, kosa hutafutwa kwa mama, ama katika maziwa yake, ama katika chakula chake, ama katika mwenendo wake.

"Maziwa hayajatoka, mtafutieni mtoto kitu"

Dhana hii huleta madhara mapema kuliko zote kwa sababu huanza siku ya kwanza. Mama hubinya titi, huona matone machache ya maziwa mazito ya rangi ya njano, na wanaomzunguka huamua kwamba maziwa hayapo, au kwamba hayo ni machafu na yanapaswa kukamuliwa na kumwagwa. Hapo hutafutwa maji ya glukosi, maji ya sukari, dawa ya tumbo ya dukani au maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa.

Matone hayo, yaani dang'a, ndiyo maziwa yenyewe ya siku za mwanzo. Yana kinga nyingi dhidi ya maradhi, na uchache wake unalingana na tumbo la mtoto, ambalo siku ya kwanza hupokea mililita chache tu kwa kila mnyonyo, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Maziwa mengi huanza kujaa kati ya siku ya 2 na ya 4, na huweza kukawia kidogo kwa aliyejifungua kwa upasuaji. Kinachoyavuta ni mtoto kuwekwa titini mara kwa mara, kuanzia mara 8 hadi 12 katika saa 24, usiku ukiwemo. Mtoto aliyeshibishwa maji ya glukosi hanyonyi, titi lisiponyonywa hupunguza kutengeneza maziwa, na baada ya siku tatu wale waliosema maziwa hayapo huonekana kana kwamba walisema kweli.

Anayetaka kujua kama mtoto anatosheka aangalie nepi na mizani. Kuanzia karibu siku ya 5, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mkojo wake huwa mwepesi. Uzito hupungua siku za mwanzo kwa karibu kila mtoto, na kwa kawaida hurudi ulipokuwa wakati wa kuzaliwa ifikapo wiki ya 2. Ukipungua zaidi ya asilimia 10, apelekwe kuonwa. Kilio peke yake si kipimo, kwani vilio vya kichanga huongezeka mpaka kufikia wiki ya 6 hivi, hasa jioni, kisha hupungua anapokaribia miezi 3 au 4, hata kwa mtoto ambaye hana tatizo lolote. Jioni hizo ndizo zinazowapatia riziki wauzaji wa dawa za mchango, yaani msokoto wa tumbo la kichanga.

Hoja ya kumpa mtoto maji hupata nguvu zaidi kuanzia Desemba hadi Machi, wakati joto la mchana hapa Dar es Salaam hupita nyuzi 30 na kila mtu mzima ana chupa ya maji mkononi. Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 88, na mtoto anayesikia kiu huomba titi, kwa hiyo hahitaji maji mengine mpaka atimize miezi 6. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi 6 walikuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Waliobaki ni zaidi ya theluthi moja, na sioni kwamba mama zao wanajali kidogo kuliko wengine. Wameambiwa vingine na watu wanaowaheshimu.

Mtori na supu ya pweza ni chakula kizuri kwa mzazi, ambaye mwili wake unahitaji nguvu za ziada, na hakuna sababu ya kumnyima. Ila supu haiwezi kufanya kazi ya mtoto anayenyonya. Dai kwamba mama aliyetoka juani akamue kwanza maziwa "yaliyochemka" nalo halina msingi: jua la Kariakoo humtoa mtu jasho, lakini halichemshi wala haliharibu kilichomo ndani ya titi.

"Mtoto asipigwe na upepo"

Ingia katika chumba kimoja cha kupanga huko Mbagala au Tandale saa nane mchana. Dirisha limefungwa na pazia limeshushwa, feni imezimwa, na mtoto wa siku tisa amevikwa kofia ya sufu, sweta, soksi na glavu, kisha akazungushiwa blanketi. Shingo imelowa jasho, na mikunjo yake imejaa vipele vidogo vyekundu ambavyo bibi anasema ni tetekuwanga, ingawa ni vipele vya joto.

Nimonia huletwa na vimelea, na feni inayozunguka bila kumwelekea mtoto moja kwa moja haimletei ugonjwa huo. Hofu ya bibi ina chanzo cha kweli, kwa kuwa kichanga hupoteza joto haraka, hasa akiwa amelowa baada ya kuoga, na mtoto njiti hulazimika kukaa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ili asipoe. Lakini mtoto aliyetimiza miezi na mwenye uzito mzuri hahitaji kuzidi nguo za mtu mzima aliye chumba hicho hicho zaidi ya vazi moja. Kipimo ni kifua au kisogo, si viganja, ambavyo kwa kichanga huwa vya baridi hata akiwa salama. Usingizini alazwe chali chini ya chandarua, wala si kifudifudi kwa hofu ya kupaliwa, kwa maana kulala kifudifudi ndiko kunakohusishwa na vifo vya ghafla vya watoto wachanga.

Jambo la kushangaza ni kwamba nyumba hiyo hiyo iliyozuia upepo huruhusu jiko la mkaa liingizwe chumbani ili mzazi apate joto, au chetezo cha udi kifukize karibu na kitanda. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Kitovu, matiti na rangi ya manjano

Kitovu hudondoka kwa kawaida katika wiki ya kwanza au ya pili. Wanaokipaka majivu, mafuta au mate wanataka kikauke upesi, lakini wanakifungulia mlango uambukizo, pepopunda ukiwa mmojawapo. Kiachwe kikavu na wazi juu ya nepi, kisipakwe kitu isipokuwa dawa aliyoelekeza mhudumu wa afya. Imani kwamba kitovu kikimdondokea mtoto wa kiume sehemu za siri atakuwa hanithi imewanyima usingizi mama wengi, wanaofungua nepi usiku wa manane kukagua, na haina ukweli wowote: kipande hicho kimeshakufa na hakina uhusiano na nguvu za kiume.

Vichanga wengi, wa kike kwa wa kiume, huvimba matiti kwa siku kadhaa, na baadhi hutoa matone meupe. Wengine wa kike hutokwa na damu kidogo ukeni katika wiki ya kwanza. Yote husababishwa na homoni za mama zilizobaki mwilini mwa mtoto, na huisha yenyewe. Kuyakamua matiti hayo, kama wanavyofanya baadhi ya wakandaji, humuumiza mtoto na huweza kumletea jipu.

Kuhusu manjano, maneno ni mawili yanayopingana: wengine husema ni ugonjwa wa kutisha ulioletwa na chakula cha mama, wengine kwamba ni kitu kidogo kinachoponywa na jua la asubuhi. Manjano ya kawaida huonekana siku ya 2 au ya 3 na kuondoka ndani ya wiki 2 hivi, na yanayoanza kabla ya saa 24, au yanayofika viganjani na nyayoni, yanahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Jua la barazani si mbadala wa taa maalumu za matibabu, na kulisubiria kunaweza kumgharimu mtoto ubongo wake.

"Hatoki mpaka arobaini"

Siku 40 za kupumzika ni desturi nzuri, na kwa maoni yangu ni bora kuliko haraka ya siku hizi ya kumtaka mzazi awe ameshapika na kufua katika wiki ya kwanza. Inalingana hata na elimu ya uzazi, inayohesabu wiki 6, yaani siku 42, kuwa muda ambao mji wa mimba hurudia karibu ukubwa wake wa awali. Kosa huingia pale mapumziko yanapogeuzwa katazo la kwenda kliniki. Karibu robo tatu ya vifo vya watoto wachanga duniani hutokea katika siku 7 za kwanza, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio hutolewa mtoto anapozaliwa, na kama alitoka hospitalini bila kuzipata, hazisubiri arobaini iishe.

Kukandwa kwa maji ya moto nako kumejaa dhana. Inaaminika kwamba bila kukandwa "damu chafu" hubaki tumboni. Damu ya uzazi hutoka yenyewe kwa wiki 4 hadi 6, ikipungua na kubadilika rangi, na kinachousaidia mji wa mimba kusinyaa ni homoni inayotolewa mtoto anaponyonya, ndiyo maana tumbo husokota wakati wa kunyonyesha. Kuoga maji ya uvuguvugu hupumzisha mwili. Maji yanayounguza ngozi, au kukandamizwa juu ya mshono wa upasuaji, ni madhara matupu.

Katika siku hizo hizo, pedi inayolowa chapa ndani ya saa moja, homa, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu, au degedege kwa mama si mambo ya kusubiri. Vivyo hivyo mtoto anayegoma kunyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au mwenye joto la nyuzi 37.5 na kuendelea. Namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bila malipo kwa ajili ya usafiri wa dharura wa wazazi na vichanga.

"Anashinda ndani tu"

Mtoto akinyonya mara 10 kwa siku, na kila mara dakika 25, saa nne na zaidi zimekwisha kabla ya kuhesabu kucheulisha, kubadilisha nepi, kufua na kuanua. Uchovu unaotokana na hayo si uvivu. Vivyo hivyo machozi yasiyo na sababu, ambayo kwa wanawake wengi huanza karibu siku ya 3 na kupungua ndani ya wiki 2, si utovu wa shukrani wala shetani. Yakizidi wiki 2, mama akipoteza hamu ya kila kitu au akimwogopa mtoto wake, huo ni msongo wa baada ya kujifungua na una tiba. Anayeongea peke yake na kuona yasiyokuwepo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya siku 84 yenye malipo, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kila siku kwa ajili ya kunyonyesha baada ya kurudi kazini. Baba ana siku zisizopungua 3. Mama lishe hana likizo hiyo.

"Mtoto kabemendwa"

Mtoto akikonda na kuchelewa kukaa au kusimama, mtaa husema wazazi wamelala pamoja mapema, au mmoja ametoka nje ya ndoa, na kwamba shahawa zimeharibu maziwa. Maziwa hayaharibiwi na tendo la ndoa, kwa sababu hakuna njia ya mbegu za kiume kufika titini. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi ana utapiamlo, kuharisha kusikokoma, kifua kikuu, VVU au tatizo la moyo, na kila wiki inayopotea kwa kutafuta mwenye hatia ni wiki ya matibabu. Lililo kweli ni kwamba mimba nyingine inaweza kuingia kabla hedhi haijarudi, na watoto wakifuatana mno mkubwa huachishwa ziwa mapema. Kunyonyesha huzuia mimba kwa kiwango kikubwa ikiwa tu masharti matatu yametimia kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hapewi chochote ila titi usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likikosekana, mama na mwenzake waombe njia nyingine kliniki, na mtoto anayesemwa amebemendwa apandishwe mizani siku hiyo hiyo, uzito wake uandikwe kwenye kadi, na daktari amchunguze.