Utatu si barafu

Mwaloni Kirumba, mama mmoja muuza sangara alikuwa akibishana na kijana wa "Yesu Pekee", Wapentekoste wanaokana Utatu. Akanyanyua kipande cha barafu. "Mwanangu, hii ikiyeyuka ni maji, ukiyachemsha ni mvuke. Kitu kimoja, sura tatu. Ndio Utatu huo!" Kijana akacheka: "Mama, si ndicho ninachokwambia tangu jana?"

Alikuwa na haki ya kucheka.

Dhana: barafu inaeleza Utatu. Inaeleza kinyume chake: fundisho la Sabellius, lililokataliwa tangu karne ya 3, kwamba Mungu ni nafsi moja inayobadili sura. Utatu unasema nafsi tatu kwa pamoja: Yesu anapobatizwa, Mwana yumo mtoni Yordani, Roho anashuka, Baba anasema kutoka mbinguni. Kipande kilekile hakiwi barafu na mvuke kwa mpigo. Yesu Pekee, waliotengana na Assemblies of God huko Marekani mwaka 1916, ndio wenye mfano huo.

Dhana: wanaokana Utatu wote ni wamoja. Hapa Mwanza huwa tunawatia kapu moja. Mashahidi wa Yehova husema Yesu aliumbwa na si Mungu Mwenyezi. Yesu Pekee husema Mungu ndiye Yesu mwenyewe. Ukiwaweka meza moja watagombana kabla hujaleta chai.

Dhana: Konstantino, mfalme wa Roma, alibuni Utatu kwenye mtaguso wa maaskofu kule Nisea mwaka 325. Mwandishi Mkristo Tertullian wa Kartago alikuwa ameshalitumia neno hilo miaka mia moja hivi nyuma. Ugomvi wa Nisea ulimhusu Ario, padri wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Jibu la mtaguso kwake bado linasikika misani: "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Roho Mtakatifu alitajwa kwa maneno machache tu, hadi mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381. Konstantino mwenyewe alibatizwa mwaka 337, akiwa mahututi, na Eusebius wa Nikomedia, mtetezi wa Ario!

Dhana: wanaokiri Utatu hawatofautiani. Wakatoliki husema Roho "atokaye kwa Baba na Mwana". Waorthodoksi huishia kwa Baba. Na Waorthodoksi wa Mwanza wako chini ya Patriaki wa Aleksandria, mji uleule wa Ario.

Mama akaniuliza, basi atumie mfano gani? Barafu ilishaanza kuchuruzika mezani. Nikamwambia amsimulie kijana habari ya Yordani, mifano aiache.