Askari wa 1916: dhana zinazosikika Tabora na Kigoma, na ukweli wake

Kila likitajwa wazo la kuunda asasi ya kuwaenzi askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, tukishirikiana na ndugu zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, pingamizi ni zilezile. Nyingi zinatokana na historia tuliyofundishwa nusunusu. Mimi ni muumini wa wazo hili, na ningependa lianze kwa msingi wa kweli.

"Tabora ilitekwa na Wabelgiji."

Bendera ilikuwa ya Ubelgiji na maofisa walikuwa Wazungu. Jenerali Charles Tombeur ndiye aliyekuwa mkuu wao. Molitor aliongoza brigedi ya kaskazini, na Olsen, mzaliwa wa Denmark, ile ya kusini. Lakini waliopigana na kutembea kwa miguu siku nenda siku rudi walikuwa askari wa Force Publique, jeshi la koloni la Kongo. Brigedi ya kusini ilivuka mto Ruzizi, ikapita Usumbura na Kitega (Bujumbura na Gitega za leo), ikaingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916. Siku chache kabla, Wajerumani walikuwa wameizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba. Kutoka hapo askari walifuata njia ya reli kuja Tabora.

Na waliowakabili ni akina nani? Jenerali Wahle, kamanda wa Wajerumani hapa Tabora, alikuwa na Wajerumani wachache na askari Waafrika wengi. Jeshi lile la Wajerumani lilikuwa limeandikisha Wanyamwezi na Wasukuma tele. Mapigano makali yalikuwa Itaga, kaskazini ya mji, na Lulanguru, upande wa magharibi. Wahle alipoona anazingirwa akaondoka, na tarehe 19 Septemba 1916 Tabora ikaingia mikononi mwa Wabelgiji. Tombeur baadaye alipewa ubaroni, na jina la Tabora likaungwa kwenye jina lake. Askari wa kawaida, wa upande huu na wa upande ule, hawakupata heshima ya namna hiyo. Hapo ndipo ninapoona kazi ya asasi: mjukuu wa askari wa Kongo na mjukuu wa askari wa Kinyamwezi wana deni moja, na leo wanakutana sokoni Kigoma wakiuziana mawese na vitenge bila kujua.

"Waliokufa walipigwa risasi."

Baadhi, ndiyo. Ila maradhi na njaa viliua watu wengi zaidi: kuhara, malaria, homa ya mapafu. Walioumia kuliko wote ni wapagazi. Kwa upande wa Kongo peke yake hukadiriwa kuwa walichukuliwa watu 260,000 hivi katika vita vyote, wengi bila hiari. Wanyamwezi, wenye sifa ya upagazi tangu enzi za misafara, walitakiwa na kila jeshi lililopita.

Majina yao je? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliolitumikia jeshi la Uingereza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni Waafrika wa Mashariki na Wamisri. Kwa hiyo anayedai kuwa kumbukumbu zipo tayari, aoneshe majina.

"Kuenzi kikosi ni kusifia ukoloni."

Hofu hii naiheshimu. Majeshi yale yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa watu, na asasi itakayoyaficha hayo haifai kuanzishwa. Lakini kukumbuka si kusifia. Tazama Margraten, Uholanzi. Pale wamelala askari wa Marekani zaidi ya 8,000 wa Vita Kuu ya Pili, na tangu 1945 wenyeji wamekuwa wakilea makaburi hayo. Kila kaburi lina familia au mtu aliyelichukua kama la ndugu yake: anapeleka maua, anaandikiana na jamaa wa marehemu huko Marekani. Jamaa wakihitaji picha, mchanga wa ufukwe wa Normandy husuguliwa kwenye herufi zilizochongwa katika msalaba, jina likasomeka vizuri mbele ya kamera, kisha jiwe likaoshwa. Hakuna anayeimba sifa za vita pale. Kilichopo ni jina la mtu, na familia mbili za nchi mbili zinazojuliana hali.

"Hiyo ni kazi ya serikali, na inataka fedha nyingi."

Margraten ilianza na wanakijiji. Serikali zina nafasi yake katika vibali na nyaraka, basi. Kwetu kazi ya kwanza ni daftari: kuwauliza wazee wa Itaga, Ujiji, na Kalemie ng'ambo ya ziwa, ni babu yupi alibebeshwa mzigo, alitoka wapi, alirudi au hakurudi. Lugha ya kuulizia ni moja pande zote za ziwa, mkalimani hahitajiki. Nauli ya boti na mwenyeji wa kukupokea ndivyo vya kutafuta, na kwa watu wa Kigoma wenye jamaa Kalemie na Uvira, mwenyeji hakosekani. Waanze walimu wa historia na vikundi vya kwaya, maana hao wana mazoea ya kualikana.