Skwoshi si nguvu: mambo tunayodanganyana kwa korti za huku Nakuru na Kisumu

Skwoshi, huu mchezo wa raketi wa kupiga mpira ukutani ndani ya chumba, huku kwetu wengi hawafunzwi na kocha. Unafunzwa na yule mzee wa kilabu aliyeanza enzi za raketi za mbao, na vile mzee hapingwi, akisema kitu inakuwa sheria, unaibeba, kesho unampatia kijana mwingine. Zingine za hizo sheria ni za maana. Nyingi ni uongo mtupu, ndio unapata jamaa amecheza miaka na mikaka na bado anapigwa na mama wa watu ambaye hata jasho halimtoki.

Tuanze na uongo mkubwa, ati ukipiga kwa nguvu ndio unapata pointi. Mwangalie mtu wetu wa Jumamosi: anavuta mkono mpaka nyuma ya kichwa, anafyeka mpira kama nyasi za kando ya barabara ya Kakamega, mpira unagonga ukuta wa mbele, unadunda, unapiga ukuta wa nyuma na kurudi katikati, pale pale mpinzani amesimama anaungoja. Korti yote ina urefu wa mita 9.75 tu, sa hiyo nguvu yako yote umempelekea mwenzako kwa sahani. Chenye kinaumiza mtu kwa skwoshi ni kumpeleka nyuma. Mpira ugonge ukuta wa mbele juu ya mstari wa servi, ule wa mita 1.78 kutoka chini, utembee ukibanana na ukuta wa kando, udunde nyuma ya boksi la servi (ule mraba wa sakafuni wa kuanzia mpira), na mdundo wa pili ufie karibu na kona. Mpira kama huo hauhitaji misuli, na vile unaenda juu juu bila haraka, unakupatia muda wa kurudi kwa T, pale mistari ya sakafu inakutana katikati ya korti, kabla mpinzani hajaufikia.

YouTube nayo imechangia. Unaona mapro wakiua mpira inchi moja juu ya tini, ule ubao wa chini ya ukuta wa mbele ambao mpira ukiugusa umepoteza, na wewe unataka. Kwanza tini yao ni sentimita 43, yenye unachezea wewe kwa kilabu ni 48. Halafu hiyo klipu imekatwa, haujaonyeshwa mipira yote ya kona aliyompiga huyo mwenzake kwanza mpaka akachelewa.

Sasa mpira wenyewe. Kuna watu huku wanaamini mpira wa doti mbili za njano ndio mpira wa watu wazima, hizo zingine ni za watoto. Hii dhana imeharibu wachezaji wengi kuliko zote, naamini hivyo kabisa. Doti mbili ni mpira mzito wa kuamka, umetengenezewa mtu anayeupiga vizuri mfululizo mpaka ufike joto la kama nyuzi 45, ndio udunde vile unatakiwa. Beginner akiupiga mara mbili unapoa, unalala sakafuni, rali (kule kupigiana mpira) imeisha, anaokota, anaserviwa tena, unalala tena. Hapo hajifunzi kitu isipokuwa kuinama. Dunlop wenyewe wanasema ule wa doti moja ya njano unakaa hewani asilimia 10 zaidi, na wa doti nyekundu ni mkubwa kwa asilimia 6 na unakaa hewani asilimia 20 zaidi. Hiyo asilimia ndio inakupatia nafasi ya kuweka miguu vizuri na kupiga shoti kamili. Anza na hiyo, hakuna mtu atakucheka, na akikucheka mshinde kwanza.

Na mpira haubehave sawa kila mahali bana. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari na joto lake unalijua, mpira unachangamka haraka, dropu, ule mpira wa taratibu wa kufia mbele, inakataa kufa, kwa hivyo uvumilivu na lobu nzuri, mpira wa juu wa kumpeleka mtu nyuma, zinalipa. Nakuru iko juu zaidi, kama mita 1,850, hewa ni nyepesi na mpira ukishapata moto unaruka kwa kasi, lakini asubuhi ya Julai na ile baridi, kuta zenyewe ni baridi, utaupiga weee na bado umelala. Mtu wa Kisumu akija Nakuru saa moja asubuhi na doti mbili zake asiseme amerogwa. Wapashe moto wote wawili, wewe na mpira, foahendi na bakhendi, kabla ya kuanza kuhesabu.

Kuna hii ya mkono pia, ati skwoshi ni kifundo cha mkono. Wanaoshikilia sana ni wenye wametoka badminton. Ukweli ni kwamba kifundo kinakunjwa juu kidogo na kinakaa imara, nguvu inatoka kwa bega, kwa kuzungusha mkono wa chini ya kiwiko, na kwa kuandaa raketi mapema. Ukichelewa kuandaa ndio unaokolewa na kifundo, na siku inayofuata kiwiko kinalia. Wa tenisi nao wanabadilisha mshiko kila wakienda bakhendi. Huo muda hakuna, mshiko ni mmoja tu pande zote.

Angalia mbele usigongwe na mpira, hiyo nayo umeambiwa? Hapana. Mtu anayeangalia ukuta wa mbele wakati mwenzake anapiga nyuma yake anacheza kwa kubahatisha. Simama hatua moja hivi nyuma ya T, geuza kichwa na bega, ona raketi yake inafunguka upande gani, na akigusa mpira tu wewe uruke kidogo ili miguu iwe macho. Hii tabia moja itakusaidia kuliko raketi mpya ya bei kali.

Halafu mechi. Wengi wanadhani kucheza mechi na rafiki yule yule kila wikendi ni mazoezi, kumbe mnafichiana udhaifu tu, wewe unajua bakhendi yake ni mbovu na yeye anajua haupendi kwenda mbele. Ingia korti peke yako dakika ishirini, piga mpira ulionyooka kando ya ukuta wa kushoto mpaka uchoke, kisha wa kulia, kisha voli, yaani kuupiga kabla haujadunda. Kisumu saa nane mchana korti kawaida ni tupu, jua limefukuza watu, beba maji ya kutosha. Mkiwa wawili, chezeni gemu ya mpira kudunda nyuma ya mstari wa katikati tu, ukidunda mbele umepoteza pointi. Itawakera, na itawafunza.

Viatu vya kukimbilia barabarani wacha nje, soli yao ni nene na unageuka ghafla, kifundo cha mguu kinaenda.

Na miwani ya kusomea si kinga ya macho. Mpira una upana wa milimita 40 hivi na unaingia sawasawa kwa tundu la jicho, na lenzi ya kawaida ikivunjika inaongeza shida. Tafuta ile ya polikaboneti. Wanaosema kuomba let, yaani rali irudiwe, ni woga pia wakome, ukiona mtu yuko njiani simama na uombe. Na ukifuata mpira ukageuka nao mpaka upande wa pili, kisha ukampiga nao mwenzako, pointi ni yake, hata kama mpira ulikuwa unaelekea ukuta wa mbele.